Kakakuona

Mwanakombo alininunulia tiketi,
kanzu akaipiga pasi mwenyewe, mara mbili,
akaniambia: Baba, leo usiulize bei ya kitu.

Bustani ya hoteli, Nyali. Minazi imezungushiwa taa
kama bibi harusi aliyezidishiwa dhahabu.
Sambusa, kachiri za muhogo, juisi ya ukwaju,
na mshereheshaji mwenye suti ya buluu
anayetamka "urithi wetu" kila baada ya sentensi mbili.

Kobe alitangulia, amebebwa kama sinia la pilau.
Alipozaliwa, walisema, daraja la Nyali lilikuwa bado linaelea.
Kisha chatu. Mke wa wakili akamvaa shingoni,
akacheka, akapigwa picha, akacheka tena,
halafu akasema kwa sauti ndogo: "Mtoeni."
Mimi nilimgusa kwa kidole kimoja.
Nilidhani ana ute. Alikuwa mkavu, kama mkanda mpya dukani.
Bundi naye: kwetu hufukuzwa paani kwa mawe,
hapa amelipiwa meza.

Ndipo kijana Chengo, mwenye buti za mpira,
akaingia na kreti, akaomba taa zipunguzwe.
"Huyu haguswi. Tulimtoa ndani ya gunia."
Akafunua. Hapakuwa na mnyama. Palikuwa na tufe,
nanasi lililojifungia mlango.
Tukangoja. Mahali fulani kijiko kikaanguka,
tufe likakaza.
Tukangoja tena.
Kwanza pua. Kisha jicho moja,
dogo, jeusi, mbegu ya papai.

"Kakakuona," alisema Chengo.

Neno hili nalijua tangu utotoni,
lakini usiku ule lilikatika katikati, kama mkate:
Kaka.
Kuona.
Kama mtu ameniita, kisha akaniuliza.

Miaka thelathini nilikuwa karani, Kilindini.
Mihuri mitatu: wa buluu, mwekundu, na ule wa tarehe
uliopenda kukwama kwenye nane.
Ijumaa moja likaja kontena, karatasi zinasema majani ya chai.
Chai naijua. Chai hunukia hata ndani ya chuma.
Lile lilinukia kucha, kwato,
sakafu ya kinyozi saa saba za jua.
Bahasha ilikuwa tayari ndani ya faili.
Bwana mmoja, simtaji, akasema: "Karani, wewe hukuona."
Nami sikuona. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo.
Nikagonga muhuri. Nikarudia, maana nane ilikwama.

Bahasha ikawa karo ya Mwanakombo, mihula miwili,
ikawa kitabu chake cha biolojia
kilichomfundisha majina ya wanyama
na kumfikisha pale, mbele ya watu, kadi shingoni,
akieleza kwa nini magamba hayatibu chochote.

Mnada ukaanza. Mfanyabiashara wa saruji akapandisha:
laki moja, laki mbili, makofi.
Sahani ya michango ikafika mezani kwetu.
Binti yangu alinitazama, akitarajia
noti ya mia mbili, iliyokunjwa mara nne, ya pensheni.
Nilitoa bahasha. Nilikuja nayo toka nyumbani.
Shilingi kwa shilingi, bila riba,
maana riba yake nani ataihesabu,
na kwa mizani gani?

"Baba, umezitoa wapi?"
Nitakwambia kwenye gari.
Kwenye gari nikazungumzia foleni.

Sasa amelala, au hajalala:
mwanga wa chumba chake unapita chini ya mlango.
Nimejikunja kitandani, magoti kifuani,
mgongo kwa dunia.
Nyumba yote imenyamaza, hata vijiko.

Kesho, nikiamka, kwanza pua.
Kisha, inshallah, jicho moja.